Jiwe Ambalo Mistri Hakuligonga

Hansaben alinipigia simu nikiwa nimeshika kijiko cha uji, na kwa kuwa mimi si mtu wa kupokea simu mdomo ukiwa umejaa, niliiacha ilie mara tatu. Ya nne nikaipokea kwa ukali. "Ndegwa, wacha makelele," akasema. "Mistri amekufa." Hansaben ndiye mama aliyekuwa akitupikia mwaka tuliojenga hekalu la Wahindi hapa Nakuru, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Sauti yake haijabadilika, ila pumzi sasa anazitafuta katikati ya maneno. Na Mistri ni Mistri Devji, mjenzi mkuu aliyeletwa kutoka Gujarat kusimamia kazi ile. Alikaa nasi mwaka mmoja, akarudi kwao, na huko ndiko alikofia akiwa mzee wa kushikwa mkono. "Jumapili tunamfanyia maombi," Hansaben akaendelea. "Ukuje. Na usiniambie uko na kazi, najua huna." Kweli sikuwa nayo. Nilimaliza uji ukiwa umepoa, na nikakaa pale mezani nimekasirika bila kujua ni nani hasa nimemkasirikia.

Jumapili nilivua viatu mlangoni, magoti yakilalamika, nikaingia ukumbini nilimoweka mawe kwa mikono hii na ambamo sikuwa nimekanyaga kwa miaka mingi. Walikuwa wameweka picha ya Mistri juu ya meza ndogo, imevishwa maua ya rangi ya machungwa, ubani unafuka pembeni. Uso ule ule uliokunjamana kana kwamba amepewa chai isiyo na sukari. Nilisimama mbele yake nikajaribu kumwombea kwa namna ninayoijua mimi, ya kanisani, lakini macho yalinitoroka. Yalikwenda mbele, kwenye mlango wa chumba kitakatifu, mahali anapokaa mungu wao, na juu ya mlango ule kwenye jiwe linalobeba mnara wote. Mafundi tunaliita linta. Lilikuwa na ufa. Ufa wenyewe ulianzia juu katikati ukashuka kuelekea kushoto, na kandokando yake palikuwa na doa la kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa.

Nyuma yangu mwenyekiti wa kamati, bwana wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa akimweleza injinia kijana aliyemleta. Hakupunguza sauti. "Mzee alikuwa stubborn sana. Alikataa chuma kabisa, ati mila. Sasa ona. Kama tungeweka steel wakati huo, hii kitu ingepasuka kweli?" Injinia akatikisa kichwa, akasema wataifunga linta ile kwa mikanda ya chuma pande zote mbili, na juu wamwage zege. "Ni hivyo tu," mwenyekiti akasema. "Alale salama, lakini alituharibia." Alisema hivyo hatua tano kutoka kwenye picha yake. Nilitaka kumgeukia nimwambie afunge mdomo, na sikuweza, kwa sababu jiwe lile nililichonga mimi, na ndani yake mna vyuma viwili, na niliviweka mimi, kwa siri, kinyume cha amri ya yule mzee. Kilichopasua jiwe si kukosekana kwa chuma. Ni chuma changu kilichoshika kutu. Nilivaa viatu nikaondoka bila kula, na Hansaben akaniita kwa jina mpaka nilipofika getini.

Habari za nyumbani kwetu sitazieleza. Hazina uzito hapa, na waliobaki hawapendi kuandikwa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa fundi kamili, nimejenga shule, maduka na kanisa moja, na nilijiona. Nilipofika pale kiwanjani kuomba kazi nilimkuta mtu mfupi mwembamba, kofia ya sufu kichwani jua likiwaka, amechuchumaa mbele ya safu ya mawe ya rangi ya waridi yaliyotoka kwao kwa meli. Alikuwa na kinyundo kidogo. Anagonga jiwe, anaweka sikio karibu, anasonga shubiri moja, anagonga tena. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo. Jiwe lenye kasoro ndani hujibu kwa sauti butu, kama mtu aliyegongwa mgongoni. Alifikia moja zuri kuliko yote kwa macho yangu, akaligonga mara mbili, akaashiria liondolewe. Nikamwambia, "Mzee, hilo halina shida." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe iko macho," akasema. "Hapana iko sikio." Akanipa kazi, na kwa wiki mbili kazi yenyewe ikawa kugonga mawe na kusikiliza, mimi niliyejenga kanisa.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati nyuma ya ukumbi wa chakula, joto lake saa sita mchana la kuokea mkate. Tulikuwa mafundi saba wa hapa na Mistri, na tulifuata masharti ambayo kila asubuhi yalinipanda kichwani upya. Viatu nje ya msingi. Nyama marufuku, mayai marufuku, hata katika mfuko wako mwenyewe, hata ukiwa umeketi nje ya ukuta. Hansaben, wakati huo mama kijana mwenye bangili mpaka karibu na kiwiko, alisimama mlangoni akichungulia mifuko yetu mmoja mmoja. "Ndegwa, hii ni nini? Smokie? Aki wewe! Rudisha nje, ama ule uende zako." Sharti kubwa kuliko yote lilihusu chuma. Tindo na nyundo tulizitumia, ndiyo, lakini kila jioni tulizirudisha sandukuni zote, na Mistri mwenyewe alipitapita msingini ameinama, akitafuta kama kuna msumari umedondoka. Katika jengo lile lote chuma hakikutakiwa kubaki, hata cha ukubwa wa punje ya mahindi. Jiwe lilikalia jiwe kwa uzito wake, na pale palipohitaji kushikana alichonga ulimi upande huu na tundu upande ule.

Saa saba tuliketi kwenye mabenchi marefu ukumbini, sahani za bati zenye vyumba vyumba mbele yetu, na Hansaben akapita na ndoo ndogo za chakula. Wali na dengu vilivyopikwa pamoja vikalainika, chapati nyembamba zinazopakwa samli zikiwa za moto, viazi vya bizari, maziwa lala yenye jira. Ulikuwa ukimaliza anaongeza, ukikataa anaongeza vile vile. Nilikula kwa hasira miezi miwili, nikiota mbavu za mbuzi, halafu siku moja nikajikuta namwomba chapati ya sita. Alicheka hadi akaweka ndoo chini. Leo daktari ananiambia nipunguze nyama, na ninapomsikiliza namwona Hansaben amesimama pale akitikisa bangili.

Mistri alikuwa na namna yake ya kutufundisha. Alitufanya turudie. Nilipewa kuchonga ua la yungiyungi kwenye nguzo, ua lenyewe halizidi kiganja, na nikalichonga kwa siku tisa. Akaja, akapitisha kidole, akasema, "Hii kabichi." Akaondoka. Nikachonga jingine. "Hii kabichi dogo." La tatu alilipitishia kidole akanyamaza, na nilivyokuwa nimechoka nilitamani alivunje tu nijue moja. Ila jioni ile alinikalisha juu ya gunia la chokaa, akachukua kijiti akanichorea mchangani mtu aliyesimama. Hapa miguu, ule msingi mpana wenye mikato mikato. Hapa kiuno, kuta. Hapa mabega, hapa shingo, na ule mnara ni kichwa, na juu kabisa chungu cha shaba ni kama utosi. Katikati ya mtu huyo akachora duara dogo. "Hii chumba ya mungu. Kidogo. Giza. Hapana dirisha. Kama tumbo ya mama." Ndiyo maana, akasema, mapambo yote yako nje, ngoma, ndovu, wacheza, maua, na kadiri unavyosogea ndani kuta zinanyamaza, mpaka kule mwisho hakuna pambo hata moja, taa moja tu ya samli. Halafu akauchoma ule mchoro kwa msumari aliouokota msingini jioni ile, pale tumboni. "Sasa wewe weka chuma. Mtu iko sawa?"

Nilimwelewa. Nilikasirika kwa sababu nilimwelewa na bado sikukubali. Mimi nililelewa kazini na mainjinia waliotufokea kwamba ukuta bila chuma ni kaburi. Nakuru nzima tuliisimamisha kwa chuma. Na nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Miaka miwili kabla, juu kule Olenguruone, tulijenga darasa kwa haraka, na mwenye kazi akatuambia tuweke linta ya jiwe tupu, chuma kimechelewa. Ilimwangukia mwenzangu tuliyeshiriki naye chumba, fundi mzuri kuliko mimi, siku ya kutoa mbao. Hakufa. Lakini mkono wake wa kulia haukushika tena mwiko, na alinitazama pale hospitalini kama mtu anayengoja nimweleze kitu. Tangu hapo, nikipita chini ya mlango wowote ninainua macho. Mistri aliposema jengo lake litakaa miaka elfu nilimwambia, "Mzee, hapa chini ya bonde ardhi inatikisika." Akajibu, "Chuma kunywa maji, chuma kuwa mnene, chuma kuvunja mawe. Polepole. Wewe hapana ona, mtoto yako ona." Nikajisemea kimoyomoyo kwamba mzee huyu amejenga kwao tu.

Kamati nayo haikuwa na imani kunizidi mimi. Ofisi yao ilipakana na banda letu, ukuta ni mabati, na tulikuwa tukisikia kila kitu. Walibishana kwa Kigujarati wakichanganya na Kiswahili pale walipotaka kuwa wakali. "Injinia wa mjini amesema risk," mmoja akawaka siku hiyo. "Watoto wetu wataketi chini ya hii kitu!" Kisha sauti ya Mistri, chini, bila haraka. "Weka chuma. Mimi panda ndege." Wenzangu wakaangua kicheko wakiziba midomo kwa kofia. Mimi sikucheka. Nilikuwa upande wa wale wa kamati, nikiona aibu kuwa upande wao, kwa sababu nilishaanza kumpenda yule mzee.

Kisha likaja lile kreti lenye linta. Ilikuwa imechongwa kwao, ikasafiri bahari yote salama, na ikavunjika vipande viwili kwenye barabara yetu, pale penye mashimo baada ya Naivasha. Mistri aliketi juu ya vipande vile asubuhi nzima. Siku ya kufungua hekalu ilikuwa imeshapangwa na wasoma nyota, na haikuweza kusogezwa hata kwa saa moja. Mchana akainuka akaniambia nilete pikapu. Tulizunguka siku tatu tukitafuta jiwe la hapa lenye moyo. Machimbo ya Kariandusi, pale juu ya Elmenteita, aliyatazama kwa mbali ule weupe wake, akafikicha vumbi kidogo kati ya vidole akapuliza, "Hii unga." Siku ya tatu, kwenye timbo la mawe nje ya Gilgil, aligonga jiwe moja la kijivu likalia kengele, akaligonga pande zote, akafumba macho. Hilo ndilo tulilolichukua. Tukirudi nikasimamisha gari Kikopey, maana uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha, na moshi wa nyama umeshaniingia kwenye mapafu. "Dakika kumi, Mzee." Alifunga madirisha yote akabaki ndani ya pikapu, jasho likimtiririka, akila chapati zake baridi za uwatu kutoka kwenye karatasi, na mimi naye tukatazamana kupitia kioo, mimi na ubavu mkononi. Niliporudi alinisogezea chupa ya maji ninawe. Halafu akasema, "Ile jiwe, wewe chonga."

Sijawahi kupewa heshima kama ile wala kabla wala baadaye. Jiwe la juu ya mlango wa tumbo huchongwa na mjenzi mkuu mwenyewe. Nilifanya kazi miezi mitatu, safu ya maua saba na katikati kiti kidogo cha mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, anayelinda mwanzo wa kila jambo. Mimi Mkristo wa kuimba kwaya nilimchonga mkonga wake mara nne mpaka ukakaa. Mistri alipita kila siku akaangalia, hakusema kabichi hata mara moja. Wenzangu walianza kuniita Mhindi. Nililala nikiwa na vumbi kwenye kope na nilikuwa na furaha, na ndiyo maana mwaka ule bado unaniuma.

Wiki moja kabla ya kuliinua ardhi ilitikisika. Tulikuwa kwenye chai ya saa nne. Sahani za bati zilianza kulia rafuni zenyewe, Hansaben akashika ukuta, mbwa wa jirani akabweka, ikaisha. Hakuna kilichoanguka. Mistri alikwenda akayazunguka mawe yake yaliyosimama, akayapapasa, akarudi kumalizia chai. "Ona," akasema, "iko cheza, iko rudi." Lakini mimi sikumaliza chai yangu. Nilikuwa nimeuona mkono wa mwenzangu. Niliona mlango ule, watoto wa kina Hansaben wamejipanga chini yake na maua, na juu yao jiwe langu tupu. Kesho yake nikapita kwenye jengo jingine lililokuwa likijengwa barabara ya pili, nikamwomba fundi niliyemfahamu vipande viwili vya chuma, kila kimoja urefu wa shubiri mbili. Nikavifunga kwenye gazeti nikavitia kwenye mfuko wa chakula. Hansaben akauchungulia mlangoni kama kawaida, akanusa. Alikuwa akitafuta nyama. "Haya, pita."

Nilifanya mchana, wenzangu wakiwa ukumbini wanakula. Nilikuwa nimeshachimba mfereji mwembamba mgongoni mwa jiwe, upande utakaofunikwa na jiwe la juu yake, nikisingizia kwamba nasawazisha. Nikavilaza vyuma vyangu viwili, nikazibia chokaa iliyochanganywa na unga wa jiwe lile lile, nikasugua mpaka rangi ikafanana. Nilifanya kazi safi. Katika maisha yangu yote sijaficha kitu vizuri namna ile. Nilijiambia kwamba ninawalinda watu, na kwamba mzee mwenyewe angenishukuru kama angejua. Kisha nikaenda nikala, na Hansaben akaniongezea.

Siku ya kuliinua, Maharaj, kuhani wao, alikuwa amepewa saa maalumu, robo saa tu alasiri, na kamba na magogo vilikuwa tayari. Kabla ya jiwe lolote kupanda Mistri aligonga. Hakuna jiwe aliloliruka, hata yale aliyoyagonga bandarini akayagonga tena hapa. Aliyagonga mawe mawili ya pembeni, akaja kwenye linta, kinyundo mkononi. Nilijua lingejibu butu. Nilijua pia kwamba nikisema sasa, sasa hivi, kuna nafasi, tutatoa, tutaziba, saa itapita na watanilaani, lakini itakwisha. Nilifungua mdomo. Mistri akanitazama, akatazama lile jiwe, akaweka kinyundo chake mfukoni. Akawageukia wenzangu. "Hii Ndegwa chonga," akasema. "Ndegwa mkono yangu. Mkono yangu hapana gonga." Wakashangilia, mmoja akanipiga mgongoni, na lile neno lililokuwa mdomoni nikalimeza. Jiwe likapanda. Likakaa mahali pake kama lililozaliwa hapo.

Siku ya kufungua walimleta mungu wao, murti, yaani sanamu, ya marumaru iliyofungwa macho kwa kitambaa, wakamwimbia siku tatu. Hekalu lilijaa, magari yalitoka hata Kisumu, na sisi mafundi tulipewa shuka mpya na nafasi ya mbele. Asubuhi ya mwisho Maharaj aliingia kwenye kile chumba cha giza, akamfungua macho, na mtu akashika kioo mbele yake, kwa sababu mtazamo wa kwanza wa mungu, walituambia, hakuna binadamu wa kuubeba. Kioo kikapasuka. Nilikisikia. Watu wakapiga yowe la furaha, Hansaben akalia, na Mistri Devji, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alitabasamu kwa meno yote. Tangu dakika ile hakuna tena aliyeruhusiwa kukanyaga mle isipokuwa kuhani, wala fundi aliyekijenga, wala mwenye pesa aliyelipia. Nilitazama jiwe langu kutoka ukumbini nikafahamu kwamba limekwisha kufungwa mbele yangu. Wiki iliyofuata Mistri alipanda ndege. Aliniachia kinyundo chake kimefungwa kwenye leso.

Jambo la kunikera ni kwamba alikuwa na haki na mimi nililijua mapema. Miaka kumi baadaye nilikuwa nikikarabati magorofa hapa mjini, nikawa nabandua zege kwenye roshani na kukuta chuma ndani kimevimba, kimeisukuma zege nje kama jipu. Maji, chuma, polepole. Nikaenda hekaluni siku hiyo hiyo nikasimama ukumbini nikaangalia. Hakukuwa na kitu. Nikarudi mwaka uliofuata, na mwingine, kisha nikaacha, kwa sababu kila nilipokwenda Hansaben alinikaribisha chakula kwa furaha, na nilikuwa nikikila kama mwizi. Ningeweza kusema wakati wowote ule. Mistri alikuwa hai, simu zilikuwepo. Nilingoja mpaka amekufa na anasemwa vibaya mbele ya picha yake, na bado Jumapili ile nikavaa viatu nikaenda zangu. Wiki mbili nzima niligombana na kila mtu nyumbani, na mke wangu akaniambia kama nina jambo nikaliseme huko liliko.

Nikaenda kwenye mkutano wa kamati. Mwenyekiti alikuwa na michoro ya ile mikanda ya chuma mezani, Maharaj mpya ameketi pembeni na shali yake, Hansaben kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na kijana mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu ambaye hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa Jayesh, mwanawe Mistri, mjenzi kama babake, amekuja kuleta sehemu ya majivu. Kijana nasema, yeye naye mvi zimemwingia. Nilisimama. Nikawaeleza yote, chuma, gazeti, mfuko, chokaa. Mwenyekiti aliniangalia kama mtu anayetafuta pa kunipeleka. "Mzee, hiyo ni story ya zamani. Nani alikuona?" Nikamjibu, "Hakuna. Ndiyo maana nimekuja. Ulisema yule mzee aliwaharibia. Nimewaharibia mimi." "Sasa unataka tufanye nini?" "Toeni jiwe. Msilifunge chuma kingine juu." Sauti ilinipanda bila kutaka, nikapiga meza, michoro ikaruka. Hansaben alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya sari. "Kwenye mfuko," akasema polepole. "Na mimi nilinusa." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akicheka na kulia pamoja.

Maharaj ndiye aliyemaliza mabishano. Alisema kuna njia, ya zamani kuliko hekalu, ya kumwomba mungu ahamie kwenye chungu cha maji kwa muda, na chumba kiwe chumba tu, mafundi waingie. Kisha akanigeukia. "Amekaa chini ya chuma yako miaka hii yote, hajasema kitu. Wewe ndiyo umechoka." Mwezi uliofuata niliingia kwenye lile giza kwa mara ya kwanza tangu kile kioo kipasuke. Tuliutegemeza mnara kwa magogo, na tulipoteremsha linta ilikatika mikononi mwetu, na vile vyuma vikawa wazi, vyekundu, vimefura kama vidole vilivyoumwa na nyuki. Jayesh alivipitishia kidole. "Baba aliongea mambo yako," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha babake, sijui alikihifadhi wapi. "Mimi kila siku baba gonga jiwe yangu. Mimi kasirika. Yeye nasema, Nakuru iko mtu moja, yake hapana gonga." Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka nikaweza kurudi.

Jiwe jipya tulilitoa timbo lile lile la Gilgil, na nikalichonga mwenyewe, ingawa mikono hii sasa inahitaji siku mbili kwa kazi ya siku moja. Maua saba, na yule mwenye mkonga katikati. Mgongo wa jiwe nikauacha wazi, kila mtu auone. Alasiri ya kuliinua, kamba zilipokuwa tayari na Maharaj anatazama saa yake, Jayesh alikuja akasimama mbele ya jiwe, akalipapasa, akanitazama kwa ule uso wa kunyimwa sukari. "Hii ya Ndegwa," akawaambia mafundi, "hapana gonga." Nilifungua leso nikatoa kinyundo cha babake nikamtia mkononi.

"Gonga," nikamwambia. "Baba yako alikosea hilo moja tu. Gonga lote."

Aliinama akaanza pembeni, shubiri baada ya shubiri, sikio karibu, na jiwe likalia kengele mpaka mwisho. Sikuliamini. Nikamwambia arudie.